Mwongozo wa kukokotoa aljebra, jiometri na uwezekano, mstari kwa mstari

Maswali ni yale yale kila muhula. Kwa nini 3x = 12 isiwe x = 9? Upande upi wa pembetatu ndio kiegama? Nitajuaje kama nijumlishe au nizidishe kwenye uwezekano? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayetoka darasa la saba kuingia kidato cha kwanza, wa aliye kidato cha tatu na bado anaogopa mabano, na wa mzazi anayeketi na mtoto mezani usiku huku haya yote ameshayasahau. Usome ukiwa na kalamu mkononi, na kila mfano uukokotoe mwenyewe kabla ya kutazama mstari unaofuata.

Wengi wanaokosa hesabu hizi kanuni wanazijua. Wanaruka mistari, wakifanya vitendo vitatu kichwani kwa mpigo, halafu jibu hawalirudishi kwenye swali kulipima. Ndiyo maana mifano yote hapa ina mstari wa kupima.

Vya kuandaa

- Daftari, kalamu, penseli iliyochongwa na raba. Michoro yote ichorwe kwa penseli.
- Mkebe wa hesabu wenye rula, bikari na kipimapembe.
- Jedwali la kuzidisha hadi 12 × 12 liwe kichwani, pamoja na vipeo vya pili vya namba 1 hadi 15. Anayeijua 13² = 169 na 15² = 225 bila kuhesabu anaokoa muda mwingi kwenye pembetatu.
- Sehemu. Kama huwezi kujumlisha 1/2 na 1/5 kwa kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), anzia hapo kwanza. Nusu ya uwezekano ni hesabu za sehemu.
- Kikokotoo kiweke kando. Kinakupa jibu, lakini hakikuonyeshi ulipokosea.

Halafu kuna MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno hili limewasaidia wengi, ila lina mtego. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na hufanywa kuanzia kushoto kwenda kulia. 20 − 8 + 5 ni 17. Anayejumlisha 8 na 5 kwanza kwa sababu JU imetangulia TO anapata 7, naye amekosa. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.

Kabla ya kuandika namba yoyote

1. Soma swali mara mbili. Mara ya kwanza soma tu, mara ya pili pigia mstari namba na vizio vyake (sm, m, kg, shilingi).
2. Andika mistari mitatu kwa maneno yako: *Nilichopewa. Ninachotafuta. Masharti.*
3. Kama swali liko kwa Kiingereza, mistari hiyo mitatu iandike kwa Kiswahili. Katika shule nyingi za serikali Tanzania, mtoto husoma Hisabati kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha lugha inabadilika ghafla kidato cha kwanza. Wapo wanaodhani wameshindwa hesabu, kumbe wameshindwa sentensi. Ukishaielewa sentensi, kazi ya namba ni ile ile uliyoizoea.

Aljebra: mlinganyo wenye herufi moja

Tafuta x: 5(x − 2) − 3(x − 4) = 14

1. Fungua mabano. Kila kilichomo ndani kinazidishwa na namba ya nje pamoja na alama yake. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 3 ni mali ya hiyo 3, kwa hiyo unazidisha kwa −3. Ukumbuke −3 × −4 = +12.
 5x − 10 − 3x + 12 = 14
2. Kusanya vinavyofanana: x na x, namba na namba.
 2x + 2 = 14
3. Toa 2 pande zote mbili.
 2x = 12
4. Gawanya pande zote kwa 2.
 x = 6
5. Pima. Weka 6 kwenye mlinganyo *wa mwanzo*, siyo kwenye mstari wa katikati, maana mstari wa katikati huenda tayari una kosa.
 5 × 4 − 3 × 2 = 20 − 6 = 14. Sawa.

Kosa linaloongoza hapa ni kuandika −12 badala ya +12. Ukifanya hivyo utapata 2x − 22 = 14, yaani x = 18. Pima: 5 × 16 − 3 × 14 = 80 − 42 = 38. Siyo 14, na umelikamata kosa kabla ya mwalimu.

Kosa la pili linatokana na kauli ya "namba ikivuka inabadili alama". Kauli hiyo ndiyo inayomfanya mtu aandike 3x = 12, halafu x = 12 − 3 = 9. Hakuna namba inayovuka. Unachofanya ni kitendo kile kile pande zote mbili, na kitendo chenyewe ni kinyume cha kilichopo: kama x imezidishwa kwa 3, unagawanya kwa 3, kama imejumlishiwa 3, unatoa 3. Neno lenyewe, aljebra, linatokana na *al-jabr*, neno la Kiarabu alilolitumia mwanahisabati al-Khwarizmi wa Baghdad katika karne ya 9 kwa maana ya kurejesha: kilichopunguzwa upande mmoja kinarejeshwa, na upande wa pili unaongezewa kiasi hicho hicho.

Sehemu zikiingia kwenye mlinganyo

Tafuta x: (x + 1)/2 − (x − 3)/5 = 5

1. Tafuta KDS ya asili, yaani ya 2 na 5. Ni 10.
2. Zidisha *kila* kipande kwa 10, na ile 5 ya kulia pia. Weka mabano kwenye kila kiasi kabla ya kufanya lolote.
 5(x + 1) − 2(x − 3) = 50
3. Fungua mabano: 5x + 5 − 2x + 6 = 50
4. Kusanya: 3x + 11 = 50
5. Toa 11: 3x = 39. Gawanya kwa 3: x = 13
6. Pima: 14/2 − 10/5 = 7 − 2 = 5. Sawa.

Ukipata x = −2, ulisahau kuzidisha 5 ya kulia kwa 10. Ukipata x = 17, uliandika −6 badala ya +6 kwa sababu hukuweka mabano. Mabano ya hatua ya 2 yasirukwe hata ukiwa na haraka.

Hesabu za maneno

*Kilo 3 za mchele na kilo 2 za maharage ni shilingi 15,400. Kilo 2 za mchele na kilo 5 za maharage ni shilingi 23,100. Tafuta bei ya kilo moja ya kila kimoja.*

1. Taja herufi zako kwa sentensi kamili: *m ni bei ya kilo moja ya mchele kwa shilingi, h ni bei ya kilo moja ya maharage kwa shilingi.* Usiandike "m = mchele". Mchele si namba, na anayeandika hivyo baadaye hushindwa kujua kama m inasimamia kilo au shilingi.
2. Geuza kila sentensi iwe mlinganyo.
 3m + 2h = 15,400
 2m + 5h = 23,100
3. Chagua herufi ya kuondoa. Tuondoe m: mlinganyo wa kwanza zidisha kwa 2, wa pili kwa 3.
 6m + 4h = 30,800
 6m + 15h = 69,300
4. Toa wa juu kutoka kwa wa chini: 11h = 38,500, hivyo h = 3,500.
5. Rudisha kwenye mlinganyo wa kwanza: 3m + 7,000 = 15,400; 3m = 8,400; m = 2,800.
6. Pima kwenye mlinganyo ambao *hukuutumia* katika hatua ya 5: 2 × 2,800 + 5 × 3,500 = 5,600 + 17,500 = 23,100. Sawa.
7. Jibu kwa sentensi: kilo ya mchele ni shilingi 2,800 na kilo ya maharage ni shilingi 3,500.

Hesabu za umri zina mtego wao. "Baba ana umri mara 3 ya mwanawe, miaka 6 iliyopita alikuwa na mara 4." Umri wa mtoto sasa uwe x. Miaka 6 inatolewa kwa wote wawili, na mabano ni ya lazima: 3x − 6 = 4(x − 6). Jibu ni mtoto miaka 18, baba 54. Pima: miaka 6 iliyopita walikuwa na 12 na 48.

Mlinganyo wenye x²

*Bustani ya mstatili ina urefu unaozidi upana kwa mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 84. Tafuta upana.*

1. Upana uwe x. Urefu ni x + 5. Hivyo x(x + 5) = 84.
2. Fungua mabano, kisha upande mmoja uache sifuri: x² + 5x − 84 = 0.
3. Tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −84 na zikijumlishwa zinatoa 5. Orodhesha jozi za 84: 1 na 84, 2 na 42, 3 na 28, 4 na 21, 6 na 14, 7 na 12. Zinazotofautiana kwa 5 ni 7 na 12. Namba zetu ni 12 na −7.
4. (x + 12)(x − 7) = 0, hivyo x = −12 au x = 7.
5. Upana hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo upana ni mita 7 na urefu mita 12. Pima: 7 × 12 = 84.

Usiandike x = 84 au x + 5 = 84 kutoka mstari wa kwanza. Njia ya kuvitenganisha vipande viwili inafanya kazi pale tu zao lake ni sifuri, maana sifuri ndiyo namba pekee inayolazimisha mmoja wa wazidishwao awe sifuri. Na ukikutana na x² = 5x, usigawanye pande zote kwa x. Utapata 5 na kulipoteza jibu la pili, ambalo ni 0.

Jiometri

Kila swali la jiometri lina mchoro, hata lisipokuja na mchoro. Chora mkubwa, angalau theluthi ya ukurasa, kisha jaza juu yake kila kipimo ulichopewa na weka alama ya kuuliza pale unapotafuta. Lakini jibu usilipime kwa rula kwenye mchoro wako. Mchoro ni wa kufikiria, jibu linatoka kwenye hesabu.

*Ngazi ya mita 6.5 imeegemezwa ukutani. Mguu wake uko mita 2.5 kutoka ukutani. Ngazi inafika juu kiasi gani?*

1. Chora. Ukuta na ardhi vinakutana kwa pembe mraba, yaani 90°. Weka kile kialama cha kona.
2. Tambua kiegama: ni upande unaoitazama pembe mraba, nao siku zote ndio mrefu kuliko wote. Hapa ni ngazi yenyewe.
3. Kanuni ya Pythagoras: kiegama² = upande² + upande². Weka namba: 6.5² = 2.5² + k².
4. 42.25 = 6.25 + k², hivyo k² = 36 na k = mita 6.
5. Pima kwa akili: je, 6 ni ndogo kuliko 6.5? Ndiyo.

Anayejumlisha 42.25 na 6.25 anapata karibu mita 6.96, yaani ngazi imefika juu kuliko urefu wake yenyewe. Ukiuliza swali la hatua ya 5 kila mara, kosa hili halitapita.

Sasa umbo la mchanganyiko. Kiwanja kina mstatili wa mita 20 kwa 14, na kwenye ncha moja ya upana wa mita 14 kuna nusuduara. Tumia 22/7.

1. Tenganisha maumbo kwa mstari wa nukta.
2. Eneo la mstatili: 20 × 14 = 280 m².
3. Kipenyo cha nusuduara ni 14, hivyo nusukipenyo ni 7. Eneo: ½ × 22/7 × 7 × 7 = 77 m².
4. Jumla: 357 m².
5. Mzingo: tembea kwa kidole ukingoni na uandike kila unachopita. 20, kisha 14, kisha 20, kisha nusu ya mzunguko wa duara: ½ × 22/7 × 14 = 22. Jumla mita 76.

Ukipata mzingo wa 90, umehesabu na ule mstari wa nukta ulio ndani. Huo hauko ukingoni. Ukipata eneo la 588, umetumia kipenyo badala ya nusukipenyo. Kuona nusuduara (308) ikiuzidi mstatili (280) kungetosha kukushtua.

Kuhusu vizio: mita 1 ni sm 100, lakini mita ya mraba 1 ni sm za mraba 10,000. Badilisha urefu kwanza, ndipo uzidishe.

Pembe za ndani za pembetatu jumla yake ni 180°. Hiyo inajulikana. Panapokosewa ni pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili zilizo sawa. Ukiambiwa pembe moja ni 40° bila kutajwa ni ipi, kuna majibu mawili: ikiwa ni ile iliyo kati ya pande mbili zilizo sawa, nyingine ni 70° na 70°, ikiwa ni moja ya zile pacha, nyingine ni 40° na 100°. Toa yote mawili.

Uwezekano

Uwezekano wa tukio ni idadi ya matokeo unayoyataka, gawanya kwa idadi ya matokeo yote, *mradi matokeo yote yana nafasi sawa ya kutokea*. Hilo sharti la mwisho ndilo linalosahaulika.

Tupa dadu mbili. Uwezekano wa kupata jumla ya 7 ni ngapi? Wengi husema jumla zinaanzia 2 hadi 12, ziko 11, basi ni 1/11. Sivyo, kwa kuwa jumla hizo hazina nafasi sawa. 2 inapatikana kwa njia moja tu, 1 na 1. 7 inapatikana kwa njia sita. Chora jedwali la safu 6 kwa mistari 6, lenye visanduku 36, uhesabu. Jibu ni 6/36 = 1/6. Usijione mjinga ukilikosea: d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Ni 3/4. Naye alihesabu matokeo yasiyo na nafasi sawa.

*Mfukoni kuna gololi 5 nyekundu na 3 za bluu. Unatoa moja, hurudishi, unatoa ya pili. Uwezekano wa kupata rangi tofauti ni upi?*

1. Jiulize: inarudishwa au hairudishwi? Hapa hairudishwi, hivyo mara ya pili zimebaki 7.
2. Chora mti. Matawi mawili ya kwanza: nyekundu 5/8, bluu 3/8. Kutoka kila tawi chora mawili mengine. Baada ya nyekundu: nyekundu 4/7, bluu 3/7. Baada ya bluu: nyekundu 5/7, bluu 2/7.
3. Ukitembea *kwenye* tawi, zidisha. Nyekundu kisha bluu: 5/8 × 3/7 = 15/56. Bluu kisha nyekundu: 3/8 × 5/7 = 15/56.
4. Ukikusanya ncha za matawi *tofauti*, jumlisha: 15/56 + 15/56 = 30/56 = 15/28.
5. Pima: ncha zote nne lazima zitoe 1. 20/56 + 15/56 + 15/56 + 6/56 = 56/56. Sawa.

Ukipata 15/56 umesahau kwamba bluu inaweza kutangulia. Sehemu usizifupishe hadi mwisho. 56 ikibaki chini, kujumlisha ni rahisi na kupima kunaonekana.

Ukiona neno "angalau", tafuta kinyume chake kisha utoe kwenye 1. Angalau nyekundu moja ni 1 − (bluu zote mbili) = 1 − 6/56 = 50/56 = 25/28.

Ukikwama

- *Herufi zote zimefutika ukabaki na 0 = 5.* Kama hukukosea mstari, mlinganyo hauna jibu. Ukibaki na 0 = 0, kila namba inafaa, au katika milinganyo miwili umeandika taarifa ile ile mara mbili.
- *Jibu ni sehemu mbaya kama 37/11.* Linaweza kuwa sahihi. Pima kabla ya kufuta.
- *Unatafuta kipeuo cha pili cha namba hasi kwenye pembetatu.* Umekosea kiegama.
- *Uwezekano umezidi 1.* Umejumlisha palipotakiwa kuzidishwa, au umehesabu tokeo moja mara mbili.
- *Huoni kosa.* Funika kazi yako, kokotoa upya kwenye ukurasa mwingine, kisha linganisha mstari kwa mstari. Mstari wa kwanza unaotofautiana ndio wenye kosa.

Jaribu mwenyewe

1. Tafuta x: 7 − 2(x − 3) = 1.
2. Pembetatu mraba ina kiegama cha sm 17 na upande mmoja wa sm 8. Tafuta eneo.
3. Unatupa dadu mbili. Tafuta uwezekano wa kupata angalau 6 moja.

La kwanza ni 6. Ukipata 3.2, ulitoa 2 kwenye 7 kabla ya kuzidisha. La pili ni sm za mraba 60, kwa kuwa upande wa tatu ni sm 15. Ukipata 68, umekifanya kiegama kuwa kimo. La tatu ni 11/36. Ukipata 12/36, kisanduku cha 6 na 6 umekihesabu mara mbili. Rudi kwenye jedwali la visanduku 36 ukitafute.